Vyuma Vilivyozoeana

Gari likiwaka, tunahama. Mume wangu alilisema hilo siku gari lenyewe lilipoletwa uani kwa kuvutwa na kamba, halina betri, matairi yamelala chini, panya wamezaa ndani ya kiti. Hakuniuliza. Aliniambia kama mtu anavyokuambia kesho ni Jumatatu, nami nikajibu "sawa", kwa sababu ndilo jibu nililolizoea tangu aliponioa. Kisha nikaingia chumbani, nikakaa kitandani na ndoo ya maji mkononi, nikashindwa kukumbuka nilikuwa naipeleka wapi.

Mimi ni dobi. Nafulia watu na kuwapigia pasi, na uani kwangu kamba za kuanikia zimepita kutoka ukuta huu hadi ukuta ule. Gari lilikuja kusimama katikati ya kamba hizo, pua imeelekea jikoni. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni alikaa mpaka nikawa naanika taulo kwenye milango yake, na hakuna aliyempa jembe. Jembe nilipewa mimi.

Mume wangu mtaani wanamwita Mzee Klachi. Alikuwa dereva wa kampuni ya mabomba hadi alipostaafu, na kila kijana aliyewahi kujifunza gari mbele yake alipigiwa kelele ile ile: toa mguu kwenye klachi! Kampuni ilimhamisha kila ilipochimba mtaro mpya. Yeye anapewa karatasi, mimi nakausha mabeseni, tunapanda. Nikifika mji mpya naanza upya kutafuta wateja, nawahakikishia kwamba sichanganyi nguo za watu wala siunguzi kola, na wakishaniamini tu, karatasi nyingine hiyo. Nilihama hivyo mpaka nikaacha kutundika picha ukutani. Hapa ndipo tulipokaa kuliko kote. Hapa binti yetu ameolewa mtaa wa pili, hapa mjukuu anakuja kwa miguu yake, na hapa watu wakisema "Dobi" bila kuongeza neno, wanamaanisha mimi. Sikutaka kuhama tena. Hilo nililijua vizuri sana, ila sikuwa nimemwambia yule aliyepaswa kuambiwa.

Yeye alitaka kwenda kwao, kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yake, safari ya siku nzima na kipande. Ufunguo anao dada yake, wifi yangu, mwanamke mwema mwenye sauti ambayo haihitaji simu. Alikuwa akipiga kila wiki.

"Wifi, mnakuja lini? Nimeshafagia mpaka dari!"

"Gari bado, wifi," namjibu.

"Bado nini tena?"

"Bado vyuma. Tunasafisha."

Na kweli tulikuwa tunasafisha. Gari ndilo lililokuwa likinisemea. Madhali halijawaka, sikuwa na haja ya kusema sitaki, na madhali sijasema sitaki, nyumbani kulikuwa na amani. Amani ya kuchosha, lakini amani.

Kazi tuligawana hivi: yeye anafungua, mimi naosha. Ncha za vidole vyake zimekufa ganzi siku hizi. Spana anaishika vizuri na nati anaing'oa, lakini kitu kidogo kikimponyoka hajui kama kimeponyoka mpaka akisikie kikilia sakafuni. Na mafuta ya taa yanamkohoza. Basi alikuwa akitoa kipande injinini, anakigeuzageuza, anasema "hiki kimechoka" au "hiki bado kina maneno", halafu anakileta kwenye beseni langu. Sikuwahi kumsikia akisema kipande ni kizima. Vyote vilikuwa vimechoka, tofauti ni kiasi gani.

Niseme ukweli, kazi yenyewe naijua. Uchafu ni uchafu. Doa la damu unalitoa kwa maji baridi, la chai usiliache likauke, na oili iliyokaa injinini miaka mingi inataka mafuta ya taa kwanza, halafu subira, halafu mswaki, halafu sabuni ya unga na maji ya moto. Kabureta niliisafisha vitundu vyake kwa uzi mmoja wa brashi ya waya, nikiwa nimeiinua juani kuona kama mwanga unapita. Masizi magumu juu ya pistoni niliyakwangua kwa kijiko cha mbao ili nisikwaruze. Mgongo uliniuma, kucha zikawa nyeusi, na wateja wakaanza kunusa mashuka yao kabla ya kulipa.

Jirani yangu fundi cherehani, ambaye mlango wake unatazamana na wetu, alikuwa akiniletea vipande vya vitambaa vya kupangusia. Alikuwa haleti bure. Kila mfuko ulikuja na dhihaka yake.

"Dobi, leo unafua nini?"

"Injini."

"Ikikauka utaipiga pasi au utaikunja hivyo hivyo?"

"Nitaipiga pasi, halafu nitakuletea wewe uitie vifungo."

Akacheka, kisha akanitazama vile wanawake wanavyotazamana. "Na wewe unaharakisha kazi ya kukuondoa hapa?"

Nilichovya mswaki nikaendelea. Yeye ndiye pekee aliyejua, na alijua bila kuambiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nalishangaa jambo hilo. Moyo hautaki, na mikono inasugua kama imeahidiwa zawadi. Lakini mkono wa dobi hauwezi kukaa na kitu kichafu mbele yake. Uchafu ukilala uani kwangu, silali mimi.

Siku yenyewe mume wangu aliondoka asubuhi kwenda kutafuta gasketi ya silinda hedi, ile karatasi ngumu ya kuzibia injini isivuje, maana ya zamani ilitoka vipande vipande. Jua lilikuwa zuri. Mashuka ya watu nilikuwa nimeshayaanika, na chini ya meza yangu ya pasi nikaona trei ya mayai imefunikwa gazeti, imelowa oili mpaka imekuwa nyeusi. Ndani yake kulikuwa na vile vipande alivyovitoa mwishoni kabisa. Vingine alisema vinaitwa tapeti, vinene na vifupi kama dole gumba, ambavyo hupanda na kushuka ndani ya matundu yao ili injini ipumue. Vingine ni fito za chuma zilizosimama juu ya tapeti hizo. Vingine ni valvu zenyewe. Kila kimoja kimekaa kwenye shimo lake kama yai.

Nikaona vina rangi ya kucha. Nyekundu. Kimoja kina tone moja, kingine mawili, kingine matatu.

Mnajua nilifikiri nini? Mjukuu. Wiki ile alikuwa amekuja na kichupa cha rangi nyekundu, akajipaka kucha, akampaka paka kucha, akapaka na mguu wa meza yangu, nikamfokea mpaka akalia. Nikasema ndiyo hivyo, mtoto huyu kaingia mpaka kwenye vyuma vya babu yake, na babu mtu akiona itakuwa balaa. Nikaamua nimfichie. Nilichukua dawa ya kutolea rangi, ninayo kwa ajili ya nguo za mabibi harusi, nikafuta tone moja baada ya jingine, nikitumia pamba na kijiti kwenye pembe. Kisha nikamimina vyote kwenye beseni moja la mafuta ya taa.

Trei niliitia motoni, chini ya sufuria la maji. Ilikuwa inawaka vizuri sana.

Nilisugua mpaka mchana. Nikasuuza, nikakausha kwa kitambaa, nikapaka oili nyembamba visishike kutu. Halafu nikavipanga juu ya kipande cha shuka jeupe kama ninavyopanga nguo za mteja, shati na shati, suruali na suruali: tapeti zote hapa, fito zote pale, valvu zote kule, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Vikang'aa. Nilirudi nyuma hatua moja kuvitazama, na sitaficha, nilijisifu.

Mume wangu aliporudi, gasketi iko kwapani katikati ya vipande viwili vya boksi alivyovifunga kwa kamba isije ikapinda, alikuwa na uso wa furaha. Alikuwa ameipata. Akaona shuka jeupe. Furaha ile ikamtoka pole pole.

"Trei iko wapi?"

"Ilikuwa imeoza kwa oili. Nimeichoma."

Akachuchumaa. Akachukua tapeti moja, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho, akachukua nyingine. "Na alama?"

"Alama gani?"

"Alama nyekundu, Mama Watoto. Tone moja silinda ya kwanza, mawili ya pili. Kichupa nilimnyang'anya mtoto."

"Nilidhani ni mjukuu."

"Mjukuu?"

"Nilidhani amechezea. Nimezitoa. Nimezitoa zote."

Nilitegemea kelele. Sauti yake wakati wa kazi ilikuwa inasikika barabara ya pili, na kwa kelele ningejua la kufanya, ningempigia na zangu. Hakupiga. Alikaa chini kabisa, juu ya mchanga, suruali yake safi niliyoipiga pasi mwenyewe, akaweka gasketi pembeni. Alianza kunieleza kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini ndiyo iliyonimaliza.

Vyuma hivi, alisema, vilipotoka kiwandani vilikuwa sawasawa, ungeweza kuweka hiki pale na kile hapa. Lakini vimefanya kazi miaka mingi. Kila tapeti imelika kwa kufuata tundu lake, na tundu limelika kwa kufuata tapeti yake. Vimezoeana. Ukivibadilishia mahali, kila kimoja kitamkwaruza mwenzake mpya, na shafti inayovisukuma italiwa. Kingekuwa kipya kisingejali. Kinachojali ni kile kilichochakaa.

"Wewe mwenyewe unatia uzi kwenye kola za watu usichanganye nguo," alisema. "Unajua maana ya alama."

"Natia uzi. Siwapaki watu rangi. Kwangu mimi rangi ni doa."

Halafu akasema neno ambalo nadhani alikuwa amekaa nalo muda mrefu. "Umefanya makusudi."

"Nini?"

"Hutaki kwenda. Umefanya makusudi."

Damu ilinipanda kichwani. Miezi nasugua masizi yake, mgongo umekunjika, wateja wananinusia mashuka, leo naambiwa makusudi! "Ningekuwa na akili ya kufanya makusudi," nilimwambia, "ningeanza zamani, na nisingeanza na tapeti!"

"Basi kama hutaki kwenda, sema."

Hapo. Mlango ulikuwa wazi, amenifungulia mwenyewe. Ilibaki nipite tu. Fundi cherehani alikuwa amesimamisha mashine yake, namsikia kabisa asivyoshona. Na mimi nikafungua mdomo, nikasema, "Nani kasema sitaki?"

Mume wangu aliinuka, akajikung'uta mchanga, akaingia ndani. Nilibaki na vyuma vyangu vinavyong'aa. Nilijichukia jioni ile kuliko nilivyomchukia yeye. Mficha uchi hazai, mama yangu alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nimeuficha mpaka kwa mtu aliyeniomba nimwonyeshe.

Siku zilizofuata hatukusemeshana ila kwa haja. Chumvi iko wapi, mteja wa mashuka kaja, maji yamekatika. Nilimwona akijaribu peke yake. Anachukua tapeti, anaitia tunduni, anaizungusha, anasikiliza kama mtu anayesikiliza ukutani. Anaitoa, anatia nyingine. Vidole havimwambii kitu. Siku ya tatu au ya nne aliniita. Hakuniita kwa jina lolote, alisema tu, "Njoo na mikono yako."

Nikaenda. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Tulianza kazi ambayo siombi mtu mwingine aifanye. Mimi naingiza tapeti kwenye tundu na kuizungusha kwa ncha za vidole, macho nimefumba, yeye kainama juu yangu na tochi. "Inasemaje?" ananiuliza. "Inacheza," namwambia. "Toa." Naingiza nyingine. "Hii je?" "Hii inakwama katikati." "Toa." Zipo zilizoshuka zenyewe, taratibu, hazichezi wala hazikwami, na zikifika chini unahisi zimekaa. Nilipompata wa kwanza wa namna hiyo, nilisema, "Huyu kafika kwake," na mume wangu akaguna. Mbili tatu zilitusaidia zenyewe: kwenye kijishimo kidogo pembeni, mahali pamba yangu ilipokosa kufika, palikuwa na chembe ya wekundu.

Kazi ile ilikuwa ya polepole na vichwa vyetu vilikuwa karibu, kwa hiyo tukaanza kuzungumza. Yeye ndiye aliyeanza.

"Unajua nimepeleka watu wangapi kwao?" alisema. "Wafanyakazi wakienda likizo, wagonjwa, maiti. Nafika nao mpaka mlangoni, wanalakiwa, mimi nakunywa maji nimesimama, nageuza gari. Nilikuwa najiambia, na mimi ipo siku nitafika mahali nizime injini, nisiulizwe narudi saa ngapi."

Alikuwa amesema kweli, na ukweli wake ulikuwa mzito sawa na wangu. Ningemwambia saa ile kwamba mahali pa kuzima injini mimi nimeshafika, ni hapa, baina ya kamba hizi, ningekuwa namnyang'anya tonge mdomoni. Nikasema moyoni, jikaze kisabuni. Nikachukua tapeti nyingine.

Mwisho zilibaki mbili ambazo hazikupata kwao. Tulizijaribu kila upande, tukazibadilishana, moja inacheza huku, nyingine inabana kule. Tulirudia mpaka tochi ikaanza kufifia. Mume wangu akasema, "Ziweke hivyo hivyo. Na sisi tumechoka."

Siku ya kuwasha, mchomelea vyuma wa kona ya mtaa alikuja na betri aliyotuuzia begani. Fundi cherehani alifunga mashine akaja na kiti kabisa, kama mtu aliyealikwa. Nilishusha nguo zote kambani kwa sababu ya moshi. Mume wangu aliketi kwenye usukani, akatazama mbele ingawa mbele palikuwa na ukuta wa jikoni, akazungusha ufunguo. Stata ikalia, ikalia, ikakata. Akasubiri. Akajaribu tena. Mara ya tatu gari likakohoa moshi mweusi uliomfukuza fundi cherehani na kiti chake, likatingishika lote, likawaka.

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Moyo wangu ulikuwa umeshuka mpaka magotini, na mikono inapiga makofi.

Ndani ya mngurumo ule kulikuwa na sauti nyingine, ndogo, ya haraka. Tiki, tiki, tiki. Mume wangu aliteremka, akaweka bisibisi juu ya injini na mpini wake sikioni, akahamisha hapa na pale. Alisikiliza muda mrefu. Mchomelea vyuma alimuuliza ni nini, akamjibu ni zile mbili.

"Litafika?" nikauliza mimi.

"Litafika."

Jioni hiyo wifi alipiga, na safari hii sikuwa na gari la kunisemea. "Limewaka, wifi," nilimwambia. Alipiga kigelegele ambacho nadhani mtaa mzima ulikisikia kupitia sikio langu. Akaniuliza vitanda tuvipange upande gani. Nikamwambia atakavyoona yeye.

Asubuhi ya safari nilimpigia pasi kila kilicho chake. Mashati, suruali, fulana, hata leso. Nilizikunja moja moja, nikazipanga begini, nikafunga zipu, nikaliweka begi mlangoni. Kisha nikaenda kufungua kabati upande wangu, nikasimama hapo. Mkono ulifika mpaka kwenye gauni la kwanza, ukarudi. Nikajaribu tena. Haukutaka. Nikafunga kabati.

Uani gari lilikuwa linanguruma, anapasha moto injini. Alikuwa ameshapakia viti viwili, meza ndogo, masanduku ya vyombo, na juu yake godoro letu kubwa, limefungwa kamba. Alikuja mlangoni akachukua begi, akalipima uzito kwa mkono, akatazama nyuma yangu ndani ya nyumba.

"Begi lako liko wapi?"

"Nitakuja nyuma. Nina nguo za watu sijazimaliza."

"Nguo za nani?"

"Za watu."

Aligeuka akatazama kamba zangu. Zilikuwa tupu. Nguo nilikuwa nimezimaliza zote tangu jana yake, kila mteja kapelekewa za kwake, ili nisiondoke na deni la mtu. Mikono yangu hiyo, hata kudanganya hainisaidii. Mume wangu aliweka begi chini. Tiki tiki ya injini ikajaza uani.

"Nikwambie kitu cha gari hili," alisema. "Zile mbili zinaila shafti. Kila likizunguka, zinakula. Kwenda, litafika, nimekuahidi. Kurudi, siahidi. Halina safari mbili. Kwa hiyo usiseme utakuja nyuma, maana sitaweza kukufuata, na wewe hutakuja."

Hakusema kwa hasira. Alinitazama kwa macho mekundu ya mtu ambaye hakulala, na nikaona kwamba amezeeka, na kwamba ameshika kizingiti cha mlango kwa sababu haiamini miguu yake. Nikamwona kwenye nyumba ile ya mama yake, anapasha maji peke yake, chupa ya sukari inamponyoka na hajui kama imemponyoka. Nilimwonea huruma, nikajionea na mimi huruma, na katikati ya huruma zote mbili "sawa" yangu ikanijia mdomoni kama kawaida yake. Niliisikia kabisa imefika kwenye meno.

"Usiende," nilisema.

Akainua uso. "Nini?"

"Usiende. Sitaki kuhama. Sikutaka tangu siku lilipokuja kwa kamba. Nimehama vya kutosha, Baba Watoto, nimechoka, sina mji mwingine ndani yangu. Na sitaki ukakae kule bila mimi. Ndiyo hivyo. Usiende."

Ng'ambo ya pili mashine ya cherehani ilisimama.

Mume wangu alinitazama hata nikadhani hakusikia kwa sababu ya injini. Kisha akasema, kwa uchovu mkubwa, "Si ungesema kabla sijafungua silinda hedi?"

"Si ungeuliza?"

Alifungua mdomo kujibu. Naona alizipitia zile karatasi zote za uhamisho, mji kwa mji, akitafuta mmoja aliowahi kuniuliza, maana alikaa mdomo wazi muda. Hakuupata. Akafunga mdomo. Alikwenda mpaka garini, mwendo wa mtu aliyebeba kitu, akaingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo. Tiki, tiki, kimya. Alibaki amesimama pale, kiganja juu ya boneti, na sikumfuata, kwa sababu nilijua anaizika safari yake, na mtu akizika unamwacha amalize.

Aliporudi, macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyafuta.

"Dada yangu utampigia wewe," alisema.

"Nitampigia."

"Sitaki hata kuwa karibu."

"Nenda kwa fundi cherehani. Ingawa hata huko utamsikia."

Karibu acheke. Alifungua kamba ya godoro, vidole vinahangaika na fundo, nikamsaidia. Tukalishusha. Tulilibeba kama tulivyobeba magodoro yetu yote, nyumba zote, yeye mbele akirudi kinyumenyume, mimi nyuma nikimwambia pa kukanyaga.